Kamati ya Alhamisi

Viti viliazimwa kanisani tangu Jumatano jioni, vya plastiki, vya bluu, vimeandikwa jina la kwaya mgongoni. Aroni Kalinga alivipanga upenuni, akavipangua, akavipanga tena, mpaka mkewe Veneranda akamwuliza kutoka jikoni kama anaoza binti au anapokea kamati.

"Kuoza binti ni jambo dogo," Aroni alijibu. "Mkwe ukimwudhi, kesho anarudi mwenyewe. Hawa wakitukuta hovyohovyo, wanaandika."

"Wanaandika kwamba Kalinga ana kiti kibovu?"

"Wanaandika tu, mama Kasian. Kazi ya kamati ni kuandika."

Veneranda alicheka peke yake, akaendelea kumnyonyoa jogoo. Ndiye aliyekuwa akiamsha kitongoji kizima pale Igolola, na majirani kadhaa walikuwa wamesubiri siku yake kwa hamu. Lakini kicheko hakikumfika tumboni. Alhamisi hiyohiyo, mjini wilayani, Baraza la Ardhi na Nyumba lilikuwa linasikiliza shauri lao.

Shauri lenyewe halikuwa refu. Kulikuwa na shamba la nyanya juu ya barabara kuu, si mbali na Ilula, na nyumba ya matofali ya kuchoma, na nyuma ya nyumba, kwenye miparachichi, kaburi la Kasian, mtoto wao wa kiume wa pekee. Sedekia, mchuuzi wa nyanya mwenye magari mawili, alidai vyote hivyo aliuziwa na kaka yake Aroni kabla kaka huyo hajafariki. Sedekia akaenda kufungua shauri barazani. Aroni akaenda kwa mkuu wa wilaya kwenye mkutano wa hadhara, akashika kipaza sauti na kulia mbele ya watu. Mkuu wa wilaya akamwita jukwaani, akamshika bega, akaunda kamati ya kuchunguza papo hapo. Watu wakapiga makofi. Aroni alirudi nyumbani siku ile akiwa mrefu kuliko alivyokwenda.

Sasa vyombo vyote viwili vilikuwa vimeangukia siku moja.

"Mimi naona niende barazani," Veneranda alisema, akitoka na sufuria. "Nitawaambia mwenye nyumba ana wageni."

"Halafu nani anapika?"

"Utawapa soda."

Aroni alimtazama kama mtu aliyesikia tusi kanisani. "Wageni wa serikali, wametoka wilayani kwa ajili yangu, niwape soda na mlango wa jikoni umefungwa? Watasema Mhehe huyu ameingiliwa na nini?"

"Basi nenda wewe, mimi nibaki."

"Na wanapokelewa na nani? Mwanamume mwenye shida yake hayupo, wanakuta mwanamke na jogoo?"

Ndivyo walivyofungwa na adabu yao wenyewe. Aroni hakuweza kuondoka kwa sababu ndiye mpokeaji, na mkewe hakuweza kuondoka kwa sababu ndiye mpishi. Mashahidi wao, Mzee Obeid aliyechimba mipaka ya shamba pamoja na baba yake Aroni, na Anjela, dada yake Aroni, walikuwa tayari wameketi upenuni wamevaa nguo za Jumapili. Aroni alikuwa amewaita waje kuiambia kamati.

Simu ikaita. Alikuwa Eveline, binti yao, mwalimu wa Uraia kwenye sekondari moja Mbeya. Aroni akaweka spika ili Mzee Obeid naye asikie jinsi mtoto wa Kalinga anavyozungumza.

"Baba, uko barazani?"

"Niko nyumbani. Kamati iko njiani."

"Baba, kamati ile haina uwezo wa kuamua. Imeundwa na mkuu wa wilaya kwa madaraka yake, ni ya kumshauri yeye tu. Baraza limewekwa na sheria iliyotungwa na Bunge. Likisema shamba ni la Sedekia, limesema."

"Mwanangu, umeliona hilo baraza? Linakaa chumba cha nyuma, feni haizunguki. Mwenyekiti wake nimemwona kwa macho yangu anashuka kwenye bodaboda. Hawa wanakuja na magari matatu."

"Magari hayaamui kesi, baba."

"Na bodaboda je?"

Mzee Obeid akaangua kicheko, na Aroni, aliyependa kuchekewa, akaongeza kwamba mwaka huu walimu wa Mbeya wamekuwa wakali kama pilipili zao. Eveline akaomba angalau watume mtu apeleke udhuru. Aroni akasema kamati ikifika ataiambia, na kamati itaongea na baraza, serikali si ni moja? Kisha akakata, kwa sababu vumbi lilikuwa linapanda kutoka barabarani.

Magari yalikuwa mawili. La tatu, walisema, liliharibikia njiani.

* * *

Hakuna aliyeweza kusema kamati ile ilikuwa mbaya. Walitembea shamba zima na viatu vyao vya ofisini. Walipima kwa hatua, wakapiga picha mifereji na matuta, wakamsikiliza Mzee Obeid mpaka alipoanza kurudia. Walipofika kaburini, mwenyekiti wao, bwana mnene mwenye sauti ya upole, alivua kofia, na wenzake wakavua. Veneranda, aliyekuwa amesimama mbali kidogo na upawa mkononi, alisema moyoni kwamba watu wanaomvulia kofia mtoto wangu hawawezi kuninyang'anya.

Mezani mwenyekiti alipewa firigisi, kama inavyotakiwa. Aliipokea kwa mikono miwili.

"Mama, hapa mmetuheshimu," alisema.

"Ni wajibu, baba. Kula."

Aroni alisubiri mpaka walipoanza kushiba ndipo akaleta neno. "Mheshimiwa, leo ndiyo siku ya baraza vilevile. Tumeshindwa kwenda kwa ajili yenu."

Mwenyekiti alitafuna taratibu. Pengine angekuwa na njaa angejibu vizuri zaidi, maana mtu mwenye njaa huwa mkweli. "Mzee wangu, tulia," alisema. "Mkuu analifuatilia jambo hili yeye binafsi. Hilo la baraza tutaliweka sawa."

Aroni akageuka kumtazama mkewe kwa jicho la unasikia? Veneranda akasikia, akaongeza wali.

Wakati huohuo, kwenye kile chumba cha nyuma, karani alitoka mlangoni na kuita jina la Aroni Kalinga. Mlinzi wa baraza alimsimulia Anjela siku nyingine kwamba karani aliita, akanyamaza, akaita tena kwa sauti kubwa hadi wauza karanga wa nje wakageuka. Sedekia alikuwa ndani, yeye na shahidi wake tu, kofia ya pikipiki mapajani.

* * *

Hukumu iliwafikia kupitia kwa mtendaji wa kijiji. Aroni aliisoma amesimama, akaiweka kabatini chini ya vikombe.

"Inasemaje?" Veneranda aliuliza.

"Wamesikiliza upande mmoja. Tusubiri taarifa ya kamati, hii itafutika yenyewe."

Eveline alipiga simu asubuhi na jioni. Baba, kuna muda wa kwenda kuomba shauri lisikilizwe upya, ukipita umepita. Baba, nenda leo. Aroni alikuwa na hoja yake, na Veneranda hakuiona mbaya wakati ule: huwezi kwenda kwa mtu mikono mitupu. Alitaka kwenda barazani na taarifa ya kamati mkononi, yenye mhuri wa mkuu wa wilaya, kusudi yule mwenyekiti wa bodaboda akiiona asimame. Akaisubiri taarifa. Nyanya zikaiva, zikauzwa, taarifa haikuja.

Mwishowe walikwenda wilayani wote wawili. Ofisi ya mkuu wa wilaya ilikuwa inapakwa rangi. Kijana wa mapokezi, amevaa tai ndefu inayogusa meza, aliwasikiliza bila kuwatazama.

"Kamati gani, mzee?"

"Ya mkuu. Ya shamba la Igolola."

"Mkuu yupi? Yule amehamishwa. Huyu ana wiki moja."

"Sawa, amehama yeye. Kamati ipo?"

Kijana akainua uso, akawahurumia kidogo. "Mzee, ile aliiunda yeye. Walikuwa watumishi wa idara mbalimbali, kila mtu amerudi kwenye kazi yake. Wale walikuwa wanamwandikia yeye. Kama hakupokea taarifa kabla hajaondoka, hakuna kamati."

"Mbona walikula kwangu?" Aroni aliuliza.

Hakuwa anatania. Watu wawili waliokuwa kwenye benchi nyuma yao walicheka, mmoja akamgonga mwenzake goti. Veneranda alimshika mumewe mkono, akahisi jinsi ulivyokuwa mwepesi.

"Twende, baba Kasian."

"Nauliza tu," Aroni alisema akitoka. "Walikula, wakashiba, wakanawa. Kitu kinachonawa mikono kinaishaje?"

* * *

Barazani walifika nje ya muda, na ilibidi waombe kwanza kuongezewa muda, ndipo waombe lile walilokuja kuomba. Feni kweli ilikuwa haizunguki. Mwenyekiti wa bodaboda alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa kamba, na hakuwapigia kelele, jambo lililomtia Veneranda hofu zaidi.

"Mzee Kalinga, siku ya kusikilizwa mlikuwa wapi?"

"Tulikuwa na wageni wa serikali, mheshimiwa."

"Mlikuwa mnajua tarehe?"

"Tulijua."

"Kuna mgonjwa? Kuna msiba?"

Aroni akafikiri. Veneranda aliomba moyoni adanganye. Angesema tumbo, angesema malaria, watu wanaugua kila siku bila kosa. Lakini Aroni alikuwa amevaa koti la kanisani, na akiwa ndani ya koti lile hakuwahi kusema uongo.

"Hapana. Kulikuwa na chakula."

Mama yule alivua miwani. "Mzee wangu, kamati ile ya mkuu wa wilaya sina ugomvi nayo. Lakini yeye hawezi kuniandikia nimngoje, na mimi siwezi kumngojea. Mimi nafanya kazi kwa sheria. Sheria inaniambia nimsikilize aliyekuja. Mwenzako alikuja."

"Huyo mwenzangu ni mwongo."

"Ungekuja ukaniambia hivyo siku ile, na ukaniletea mashahidi, ningeandika." Akafunua jalada. "Mashahidi wako walikuwa wapi?"

Veneranda ndiye aliyejibu, kwa sababu mumewe alikuwa ameinamisha kichwa. "Walikuwa kwetu, mheshimiwa. Wanakula."

Ombi likakataliwa. Mama yule aliwaeleza kwamba wanaweza kwenda Mahakama Kuu, akaeleza kwa utaratibu na mara mbili, na wote watatu walijua hawatakwenda. Walipokuwa wanatoka alimwita Veneranda, akamuuliza kama wana pa kwenda. Veneranda akasema wapo watoto. Alisema watoto, kwa wingi, hata mwenyewe hakujua kwa nini.

Kulikuwa bado na mlango mmoja. Eveline alipiga simu kwenye tume inayoshughulikia haki za watu na utawala, ile iliyotajwa na Katiba yenyewe, asiyoweza kuivunja mkuu wa wilaya wala waziri kwa kuamka vibaya. Aroni alipata nguvu aliposikia hivyo. Akaoga, akakaa karibu na simu.

"Wamesemaje hao wakubwa?"

"Wamenisikiliza vizuri, baba. Dada mmoja, mpole sana." Sauti ya Eveline ilikuwa imekauka. "Amesema wao wanachunguza ofisi zinazoonea watu, halafu wanashauri. Jambo lililo mbele ya mahakama au baraza hawaruhusiwi kuligusa. Katiba hiyohiyo imewakataza."

"Yaani aliye juu kuliko wote ndiye asiyeweza kabisa?"

"Kila kimoja kina mpaka wake, baba."

"Hata mimi nilikuwa na mpaka wangu," Aroni alisema. "Obeid anaujua."

* * *

Dalali wa baraza alikuja asubuhi kuwaondoa, na vijana wa kubeba vitu. Hawakuwa wakorofi. Walitoa kitanda, kabati, mapipa ya maji, picha ya Bikira Maria, wakaviweka kando ya njia vizuri, kama watu wanaohamia. Sedekia alisimama mbali, karibu na gari lake. Alimwambia dalali, naye dalali akamletea Veneranda ujumbe, kwamba kaburi hataligusa, yeye naye ni Mkristo.

"Mwambie asante," Veneranda alisema, na neno lile lilimkaa mdomoni kutwa nzima kama dawa iliyokwama.

* * *

Huko Mbeya, Eveline alikuwa amepanga vyumba viwili Uyole. Baridi ilimkuta Aroni bila kazi, na mtu aliyezoea kuamka na kwenda kwenye matuta ya nyanya akiamka na kwenda kukaa kwenye stuli anapungua upesi. Mama mwenye nyumba, Mnyakyusa mchangamfu aitwaye Esnath, alimtania kila asubuhi. "Mhehe, leo unagombana na nani?" Siku za kwanza Aroni alijibu. Baadaye alitabasamu tu, na baadaye hata hilo likamshinda.

Jioni moja Eveline alikuwa anasahihisha mitihani ya kidato cha pili, Veneranda anamenya viazi, Aroni akasogeza stuli mezani.

"Nifundishe," alisema.

"Nikufundishe nini, baba?"

"Hayo unayowafundisha hao watoto. Vile vyombo. Kama ningekuwa darasani kwako."

Eveline alimtazama mama yake. Mama yake akaendelea kumenya.

"Kuna vya kikatiba," Eveline alianza, polepole. "Vimezaliwa na Katiba. Kuviondoa, lazima uiguse Katiba yenyewe. Kuna vya kisheria, vimezaliwa na sheria ya Bunge. Bunge likitaka linaweza kuvifuta, lakini mkuu wa wilaya hawezi. Halafu kuna vinavyoundwa na kiongozi tu, kwa madaraka ya ofisi yake, vimsaidie kazi. Hivyo anaviunda leo, na yeye au anayemfuata anaviacha kesho."

"Hivyo vya mwisho ndivyo vinavyokuja na magari."

"Mara nyingi, baba."

"Na wanafunzi wanapata swali hili?"

"Wengine wanapata."

Aroni alitikisa kichwa kwa muda mrefu. Kisha akasema, bila hasira, kama mtu anayejibu ubaoni: "Kwa hiyo aliyekuwa na uwezo wa kunisikiliza alikaa kule ananiita. Na mimi nilikuwa nampa firigisi mtu wa kuandika barua tu."

Eveline aliweka kalamu chini. Alikuwa mwalimu mzuri, watoto wake walifaulu, na hapo hakujua amwambie nini mwanafunzi aliyepata.

"Ni mimi niliyepika," Veneranda alisema.

"Ulipika vizuri," mumewe akamjibu.

* * *

Novemba ilipofika, Veneranda alisema hatapitisha Siku ya Marehemu bila kwenda kusafisha kaburi. Walipanda basi wote wawili, Mbeya mpaka Igolola, na njia nzima Aroni alikaa upande wa dirisha akihesabia watu mashamba yao: hili la fulani, hili kavu, hili wamekosea maji. Waliposhuka alitembea hadi penye meza za wauza nyanya, akasimama.

"Nenda wewe," alisema.

"Tumekuja wote, baba Kasian."

"Mimi pale siwezi kupiga hodi. Sauti haitatoka." Akachukua nyanya moja mezani, akaigeuzageuza, akairudisha. Muuzaji, binti mgeni, akamwambia kama hanunui asiziminye. Aroni akaomba radhi.

Veneranda akapanda peke yake, amebeba jembe dogo na maua ndani ya mfuko. Nyumba ilikuwa imepakwa rangi ya maziwa. Palikuwa na uzio wa seng'enge sasa, na geti. Alisimama nje ya geti akitafuta mahali pa kuweka mikono, kwa sababu maisha yake yote alikuwa ameingia pale akiwa amebeba kitu kichwani na hajawahi kusimama.

"Hodi."

Mwanamke kijana alitoka na mtoto mgongoni. Alikuwa Tumpe, mke wa Sedekia, aliyeletwa na mwanawe kutoka Tukuyu baada ya mambo yote kwisha.

"Karibu, mama. Nikusaidie nini?"

"Nina mtoto wangu hapa," Veneranda alisema.

Tumpe aliangalia nyuma yake, uani, kisha akamwangalia mgeni. "Mtoto gani, mama? Hapa kuna wa kwangu tu."

Veneranda akanyoosha kidole kuelekea kwenye miparachichi. Yule binti akafuata kidole, akaelewa, akashika mdomo. Wanawake hao wawili walisimama, geti katikati yao.

"Pole, mama. Mimi sikujua." Akapapasa geti, akaacha. "Ngoja kidogo nimwulize baba watoto. Yuko Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu, asije akakasirika kwamba nimefungua."

Akaingia ndani na simu. Veneranda alisubiri pale nje. Majirani waliokuwa wanapita walimwona, mmoja akaanza kumsalimu, "Kamwene," akakumbuka, akaangalia chini na kuongeza mwendo. Kutoka ndani sauti ya Tumpe ilisikika ikieleza, ikinyamaza, ikieleza tena.

Alirudi na ufunguo.

"Amesema sawa," alisema, akifungua kufuli. Hakumtazama usoni. "Ila amesema usikawie."

"Sikawii," Veneranda alisema. Akavua viatu, akavishika mkononi, akapita ubavuni mwa yule binti. "Asante, mama. Sikawii. Asante."